Kabla ya kuuza kasha kuukuu: kisa cha seva mbili Nakuru

Orodha iliyowekwa mezani ilikuwa na mistari miwili ya seva. Wa kwanza: seva ya stoo, mashine halisi, HP ProLiant ML350 Gen9. Wa pili: seva ya malipo, mashine pepe (kompyuta ya programu inayoishi ndani ya kompyuta nyingine), "iko ndani ya ile kubwa". Chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu: Dell ya zamani, haitumiki, iuzwe.

Biashara ni ya jumla ya pembejeo za kilimo. Mbegu, mbolea, dawa za mifugo, na matawi madogo Njoro, Molo na Gilgil ambayo yanategemea mifumo iliyoko Nakuru mjini kupata bei na kutoa risiti. Walikuwa wanahama kutoka jengo la kukodi karibu na Kenyatta Avenue kwenda ghala lao wenyewe upande wa Industrial Area, na watu wakihama kila kilichokaa kwenye kona hutafutiwa mnunuzi. Wa kompyuta kuukuu alikuwa ameshapatikana na bei imeshakubaliwa. Mkaguzi wa hesabu naye alikuwa na swali lake: ipi kati ya seva hizi ni ya kushikika na ipi ni pepe? Alikuwa na sababu ya kuuliza. Leseni ya Windows Server kwa kawaida huhesabiwa kwa mashine ya kushikika, na toleo lao, 2012 R2 Standard, linaruhusu mashine pepe mbili juu ya seva moja yenye leseni. Tena toleo hilo liliacha kupata marekebisho ya bure ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023, kwa hiyo leseni mpya zilikuwa lazima zinunuliwe, na hakuna aliyetaka kununua mbili pale moja inapotosha.

Niseme mapema ili msomaji asisubiri: mistari yote miwili ilikuwa kinyume. Ya stoo ilikuwa pepe, ya malipo ilikuwa halisi, na kasha la malipo lilikuwa ni ile Dell ya kuuzwa.

Fundi aliyeandika orodha alikuwa ameshaondoka, na simlaumu sana. Kila mstari aliuwekea ushahidi pembeni, na ushahidi wenyewe ulikuwa wa kweli. Kwa stoo aliandika alichokiona kwenye `systeminfo`, amri ya Windows inayotoa maelezo ya mashine. Kwa malipo aliandika mstari mmoja wa `lscpu`, amri ya Linux inayoeleza prosesa: "Virtualization: VT-x". Hakubuni chochote. Tatizo lilikuwa maana aliyoipa mistari hiyo.

Chumba cha seva kilikuwa kimefungwa na ufunguo alikuwa nao mwenye duka, ambaye siku hiyo alikuwa Molo. Kama ningekuwa na ufunguo, ningeanza kwa kuchomeka skrini kwenye kila kasha, maana hakuna kipimo kinachoshinda hicho kwa urahisi. Kwa vile haikuwezekana, tulianzia kwenye meza ya mhasibu na laptopu yake.

Amri ya kwanza haikuhitaji hata nywila ya seva. Ukiandika `arp -a` kwenye Windows, unaona anwani za MAC za mashine ambazo laptopu yako imezungumza nazo karibuni kwenye mtandao huo huo. Tarakimu za mwanzo za anwani hiyo humtaja mtengenezaji wa kadi ya mtandao. Seva ya stoo ilianza na 00-0c-29. Huo ni mwanzo wa VMware, kampuni ya programu za mashine pepe, na hasa ndio ambao ESXi inayojitegemea, programu yake ya kubeba mashine pepe, huzipa mashine zake yenyewe. Programu nyingine za aina hiyo zina zao: VirtualBox hutumia 08-00-27, Hyper-V ya Microsoft 00-15-5d, na kwenye KVM mara nyingi utakuta 52-54-00. Seva ya malipo ilikuwa na mwanzo wa Dell. Hapo tayari orodha ilianza kunuka, ingawa anwani ya MAC ni ushahidi dhaifu. Mtu akitaka anaibadilisha kwa sekunde chache, na wapo wanaoibadilisha kwa sababu programu fulani ilifungiwa kwenye anwani ya kadi iliyokufa.

Kisha tukaingia kwenye stoo kwa mbali. `systeminfo` ikajibu vilevile kama orodha ilivyosema: mtengenezaji HP, modeli ProLiant ML350 Gen9. Mhasibu akaniangalia kama anayesema, si unaona?

Jina hilo halitoki kwenye chuma moja kwa moja. Windows hulisoma kwenye jedwali la SMBIOS ambalo programu ya ubao mkuu huliandaa mashine inapowaka. Kwenye mashine pepe, ubao wenyewe ni wa kuigiza, kwa hiyo jedwali huandaliwa na haipavaiza, yaani programu inayokaa juu ya chuma na kuzigawia mashine pepe prosesa, kumbukumbu na diski. Haipavaiza nyingi husema ukweli hapo. VMware hujiandika "VMware, Inc.". VirtualBox bado hujiita "innotek GmbH", kampuni ya Ujerumani iliyoianzisha kabla Sun haijainunua mwaka 2008 na Oracle kuimeza Sun miaka miwili baadaye. QEMU hujiita "Standard PC (i440FX + PIIX, 1996)", jina linalowatisha watu wakidhani wamekuta kompyuta ya mwaka 1996, kumbe ni chipu za wakati huo zinazoigizwa mpaka leo. Hyper-V huandika "Microsoft Corporation" kama mtengenezaji, sawasawa na laptopu ya Surface, kwa hiyo lazima usome na modeli, ambayo itakuwa "Virtual Machine".

Sasa kwa nini hii ijiite HP? Jibu lilikuwa kwenye faili la manunuzi ambalo mhasibu alilitoa kabatini. Leseni yao ya Windows ilinunuliwa pamoja na seva, ile ya bei nafuu inayouzwa na watengenezaji wa seva kwa mashine zao tu. Diski ya kusakinisha ya aina hiyo hukagua SMBIOS, na isipoona jina la mtengenezaji wake inakataa kuendelea. Ndani ya mashine pepe ya kawaida ingeona "VMware, Inc." na kugoma. Kwa hiyo VMware ina mpangilio unaowekwa kwenye faili la mashine pepe, `SMBIOS.reflectHost`, unaomfanya mgeni (mashine pepe) aseme jina la mwenyeji wake (mashine inayoibeba). Ni njia inayojulikana, wala si ujanja wa gizani. Ila matokeo yake ni kwamba mashine pepe inajitambulisha kwa jina la kasha inamoishi, na mtu anayesoma mstari mmoja tu hana namna ya kujua.

Chini kabisa ya `systeminfo` kulikuwa na mstari mwingine ambao orodha haikuutaja: "A hypervisor has been detected". Hapa nilimwomba mhasibu afungue dirisha lingine na kuendesha amri ileile kwenye laptopu yake, inayotumia Windows 11. Mstari uleule ukatokea. Akacheka, akaipiga laptopu kofi dogo. "Kwa hivyo hii nayo haipo?"

Ipo. Windows 11 kwenye mashine nyingi mpya huwasha ulinzi unaotumia haipavaiza ya Microsoft yenyewe, na Windows unayoiona hukaa juu yake ingawa uko kwenye chuma. Seva halisi iliyowashwa Hyper-V hutoa jibu hilo hilo. Kwa hiyo mstari ule unakueleza kwamba kuna haipavaiza chini yako, lakini haukuelezi kama wewe ni mgeni wake au mwenye nyumba. Nimeona watu wakiutumia peke yake kama hukumu, na ni hatari sawa na kuamini jina la SMBIOS.

Kilichotenganisha laptopu na seva ya stoo ni vitu vingine viwili. Kwenye Task Manager, ukurasa wa Performance upande wa prosesa, laptopu iliandika "Virtualization: Enabled" na seva ikaandika "Virtual machine: Yes". Na kwenye orodha ya vifaa vya seva diski ilijiita "VMware Virtual disk", kadi ya mtandao vmxnet3. Hakuna duka linalouza kadi ya vmxnet3. Ni kadi iliyobuniwa na VMware kwa ajili ya mashine pepe, na Windows hiyo huhitaji draiva za VMware Tools ili kuiona. Jina la HP lilikuwa la kuazima, vifaa vilikuwa vya VMware.

Watu wengi huchukulia kwamba mashine pepe inajificha na kazi ya fundi ni kuinasa. Zamani kulikuwa na ukweli ndani yake. Mwaka 1974 watafiti Popek na Goldberg waliandika masharti ya haipavaiza nzuri, na mojawapo ni kwamba programu iendeshwe ndani yake kama ambavyo ingeendeshwa kwenye mashine yenyewe, isipokuwa tofauti za muda na kiasi cha rasilimali. Prosesa za x86 hazikutimiza masharti hayo vizuri. Amri chache ziliweza kuvujisha siri, na mwaka 2004 mtafiti wa usalama Joanna Rutkowska alionyesha kwamba amri moja tu ya prosesa, SIDT, ingeweza kufichua kuwa uko ndani ya mashine pepe. Kuanzia mwaka 2005 Intel ilipoingiza VT-x, msaada wa mashine pepe ndani ya prosesa, na AMD ikafuata na yake, mianya ya namna hiyo ilipungua sana. Lakini haipavaiza za leo hujitangaza zenyewe, kwa sababu mgeni anayejua yuko wapi hufanya kazi vizuri zaidi: anatumia draiva nyepesi, saa yake haipotei. Kuna biti moja kwenye jibu la CPUID, amri inayoitaka prosesa ijieleze, biti ya 31, ambayo kwenye chuma kitupu huwa sifuri na ndani ya mashine pepe huwa moja. Ukiuliza zaidi, unapewa jina kabisa: "VMwareVMware", "KVMKVMKVM", "Microsoft Hv". Hata zile zinazoigiza SMBIOS ya HP kwa kawaida hazigusi hapo. Wanaozima biti hiyo au kuficha jina hilo wana sababu maalumu, kama wachunguzi wa virusi, au wale waliotaka kutumia kadi za picha za GeForce ndani ya mashine pepe wakati Nvidia ilikuwa bado inazikatalia. Muuza mbolea wa Nakuru hana haja hiyo.

Tukahamia seva ya malipo. Hii ndiyo inayolinganisha fedha zinazoingia kwa M-Pesa na risiti za matawi, ikisimama matawi yote yanaandika kwa mkono. Ni Ubuntu, aina ya Linux. `lscpu` ilitoa mstari uleule ulionukuliwa kwenye orodha, na hapo kosa la pili likajieleza. "Virtualization: VT-x" maana yake ni kwamba prosesa hii ina uwezo wa kubeba mashine pepe, yaani yaweza kuwa mwenyeji. Ukiwa mgeni, mistari unayoitafuta ni "Hypervisor vendor" na "Virtualization type: full", na hapa yote miwili haikuwepo. Mistari hiyo ya aina mbili yaweza kuonekana pamoja pale mashine pepe inaporuhusiwa kubeba nyingine ndani yake, lakini VT-x peke yake ni dalili inayoelekea upande wa chuma. `systemd-detect-virt`, amri inayouliza kama uko ndani ya mashine pepe, ikajibu neno moja, "none". `/sys/class/dmi/id/product_name`, faili linalosomeka bila ruhusa ya juu, likasema OptiPlex 7010.

OptiPlex 7010 ni kompyuta ya mezani, ile inayokuja Kenya ikiwa imeshatumika na kuuzwa upya. Si seva kwa maana ya kiwandani. Mtu anayepitia stoo anaona kasha la ofisi la kawaida lenye vumbi, bila skrini wala kibodi, na ni rahisi kudhani limesahaulika.

Mhasibu ndiye aliyeleta ushahidi nilioupenda zaidi siku ile, na hakuupata kwenye amri yoyote.

"Fundi, hebu nikuulize kitu. Stima ikipotea kidogo tu, ile ya dakika moja, stoo inaendelea. Malipo inakufa. Kama ziko kwa kasha moja, mbona moja ife na nyingine ibaki?"

"Inakufa kila mara, madam?"

"Kila mara. Halafu inajiwasha yenyewe stima ikirudi. Tumezoea kungoja."

ML350 ilikuwa kwenye UPS, betri ya akiba ya stima. Mashine pepe iliyo ndani yake haiwezi kuzimwa na stima iliyokatika kwenye soketi ya ukutani wakati mwenyeji wake yuko hai. Yaweza kuganda au kuzimwa na programu, lakini haitaanguka kila mara Kenya Power ikikatiza na kuwaka kila ikirudi. Kuwaka kwenyewe baada ya stima kurudi ni mpangilio wa BIOS (programu ya ubao mkuu) ya kasha lililochomekwa moja kwa moja ukutani. Hiyo kumbukumbu ya mtu anayekaa na mfumo kila siku ilikuwa na uzito kuliko nusu ya amri nilizoandika, kwa sababu haitoki kwenye kinywa cha mashine. Jina, modeli, anwani, hata neno "none", vyote ni maelezo ambayo mashine inajitolea yenyewe, na mtu mwenye mamlaka juu yake anaweza kuyabadilisha.

Mwenye duka alirudi na ufunguo mchana. Akasimama mlangoni, na kijana wa stoo akaambiwa akae mbele ya ile Dell, aitazame tu. Kutoka kwenye meza ya mhasibu nikaandika `eject` kwenye seva ya malipo.

"Imetoa ulimi!" kijana akapaza sauti.

Trei ya DVD ilikuwa imetoka. Ukiwa na kasha lenye trei, hii ni njia ya haraka ya kujua unazungumza na kasha lipi. Kama halina, `ethtool -p` ikifuatwa na jina la kadi hufanya taa ya poti ya mtandao imemete, ikiwa kadi inakubali. Kwa kukamilisha nikaendesha `sudo dmidecode -s system-serial-number`, ikatoa namba ya Dell ya herufi na tarakimu saba, na kijana akaisoma ileile kwenye kibandiko cha kasha, herufi moja moja, kupitia simu. Hapo sikuwa tena na haja ya hoja. Mwenye duka akampigia mnunuzi simu palepale na kumwambia ile Dell imetoka kwenye biashara.

Ikabaki ML350. Tulichomeka skrini. Kama seva ya stoo ingekuwa imesakinishwa juu ya chuma, tungeona Windows ikidai nywila. Tuliona skrini ya kijivu na njano ya ESXi 6.5, na anwani ya kuisimamia kwa kivinjari. Ndani yake kulikuwa na mashine pepe mbili. Stoo, inayofanya kazi. Na nyingine imezimwa, jina lake "malipo".

Hiyo ya pili ndiyo iliyonieleza kwa nini mtu makini aliandika kwamba malipo iko ndani ya ile kubwa. Alikuwa ameanza kuihamishia huko na hakumaliza. Mashine ilikuwepo, jina lilikuwepo, na mstari wa VT-x ukamthibitishia alichokuwa anakiamini tayari. Tuliifungua ikiwa imetengwa na mtandao, isije ikagombania anwani na ile inayofanya kazi, na tukaangalia rekodi za mwisho. Zilikuwa za zamani mno. Kama Dell ingeuzwa, matawi yangesimama, mtu angekimbilia ESXi, angekuta mashine yenye jina sahihi, angeiwasha, na ingewaka vizuri kabisa ikiwa na hesabu ambazo zimepitwa. Hilo linanitisha kuliko mfumo kuzima. Mfumo uliozima unajulikana umezima. Ule unaowaka na takwimu za kale unaweza kutumika siku nzima kabla mtu hajauliza mbona madeni ya wateja yamerudi.

Nilibadilisha jina la mashine hiyo likawa "malipo-ISIWASHWE", nikaondoa kadi yake ya mtandao, na tukaiacha mpaka uhamisho wa kweli utakapofanyika. Dell ikachomekwa kwenye UPS siku hiyohiyo, jambo ambalo lingefanyika zamani kama kuna aliyejua ni seva. Nakala ya data yake ilichukuliwa kabla ya kuguswa kitu kingine chochote.

Mwenye duka alikuwa na swali ambalo nadhani wengi wanalo.

"Kijana, sasa hii ya stoo nimeilipia miaka yote na haipo?"

"Ipo, mzee. Ila haina kasha lake. Kasha ni hili la HP, na leseni imekaa juu ya hili."

"Basi mkaguzi aandike nini?"

Mhasibu ndiye aliyejibu, na vizuri. Kwenye daftari la mali linaingia kasha la HP na kasha la Dell, kila moja na thamani yake. Seva ya stoo haiingii kama mali ya kushikika. Inaingia kwenye orodha ya mifumo, ikionyeshwa inaishi kwenye kasha lipi. Kwa leseni, ML350 moja yenye leseni ya Standard inatosha kwa stoo na kwa mashine pepe nyingine moja ya Windows. Malipo ni Linux, haigusi hesabu hiyo hata ikihamia humo. Leseni watakayonunua sasa itahesabiwa kwa viini (cores) vya prosesa, kima cha chini 16 kwa seva, na nafasi ya mashine pepe mbili inabaki ileile.

ESXi yenyewe ni hadithi nyingine. Toleo la 6.5 liliacha kuhudumiwa tarehe 15 Oktoba 2022, na tangu Broadcom iinunue VMware Novemba 2023 leseni zake za kulipia zimekuwa za muda, si za kudumu, jambo ambalo mwenye duka hakutaka hata kulisikia. Tunaangalia Proxmox, mfumo mwingine wa mashine pepe, unaotumia KVM. Tatizo ni lile lile la jina: stoo ikihamia huko haitajiita HP tena bali QEMU, ule mpangilio wa `reflectHost` hauhami nayo, na Windows yaweza kudai kuthibitishwa upya. Kwa hiyo stoo haitahama kabla leseni mpya haijanunuliwa, na malipo haitahama kabla ya kuhesabu bidhaa za mwisho wa mwaka kuisha. Mnunuzi alichukua skrini kuukuu, printa na kiyoyozi kilichokuwa kinavuja.